Duara ya Kwanza Iandike na Mkono

Zunguka Kariobangi Light Industries ukicheki meza za mafundi. Wira mob ya huko ni ya raundi: puli ya posho mill, bushi ya ndae, flanji ya paipu, spesa ya rimu, washa kubwa yenye kila hadweya wanakuambia saizi yake hakuna. Nairobi inategemea hizo vitu kila siku, na nyingi zikiharibika hazina spea. Lazima mse akae chini akuchongee ingine.

Sasa kuna wasee na madem wa rika yetu wenye wameanza kuzichonga na CNC, ile miling inaongozwa na namba badala ya mkono. Wengi wanachora kitu kwa kompyuta, programu inawatemea G-code, yaani maagizo ya herufi na namba, wanaipakia kwa mashine, wanabonyeza. Hiyo ni fiti na sina ngori nayo. Lakini duara yako ya kwanza, buda, iandike mwenyewe, laini moja moja, bila programu kukusaidia. Duara ndio shepu rahisi zaidi yenye inakulazimisha ujue vitu tatu kwa mpigo: sifuri iko wapi, biti imesimama wapi, na chuma inaishia wapi. Ukishika hiyo, hizo programu zote utazitumia ukijua penye zinaweza kukuchoma.

Mzae wa leti akikuona ukihangaika na hii maneno atakuuliza, "Kijana, mbona usiturn tu?" Mjibu na heshima, juu ako na pointi. Kitu ya raundi peke yake, ka bushi, leti inaimada mbio na inatoka smathi kushinda miling. Alafu muonyeshe shimo nne za bolti zenye ziko kando na katikati. Muonyeshe sahani pana, nyembamba, yenye chaki ya leti haiwezi ishika bila kuikunja. Hapo miling inafanya kila kitu bila kazi kutoka mezani, na mzae mwenyewe atakubali.

Stori ya kuongoza mashine na namba iko na umri. Miaka ya 1940, huko Traverse City, Michigan, msee anaitwa John T. Parsons alikuwa na tenda ya mapanga ya helikopta. Kavu ya lile panga fundi hangeweza kuifuata na macho. Parsons na watu wake wakahesabu pointi mob za hiyo kavu na mashine za kadi za IBM, alafu kwa miling mmoja anasoma namba kwa sauti, wawili wanazungusha hendo, huyu ya X, huyu ya Y. MIT wakaibeba hiyo wazo, na 1952 wakaonyesha watu miling yenye inasoma tepi ya karatasi imetobolewa mashimo. 1959 wakaita waandishi wa habari kuwaonyesha APT, lugha ya kuprogramia hizo mashine, na kila mwandishi akaenda home na ashtrei ya aluminiamu yenye mashine ilikuwa imechonga.

Nikiwaza hao watu wawili na hendo zao, naona shida yao na yetu ni ile ile. Miling inajua kwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Raundi haijui. Lazima kitu iivunje. Leo mashine nyingi ndogo zinatumia GRBL, programu ya bure yenye ilianzishwa 2009 na mnorwei Simen Svale Skogsrud, na inatoshea ndani ya ka-bodi ka Arduino. Ukiipa duara, inaikata kuwa vistari vifupi vimenyooka. Setingi yake ya $12 inasema kila kistari kisihepe duara halisi kupita milimita 0.002. Duara ya radiasi 35 inakuwa karibu vistari 290. Jicho haioni, kidole haihisi. Ile kazi ya watu watatu wa Parsons sasa iko kwa laini moja yenye wewe ndio unaandika.

Hiyo laini inaanza na G2 ama G3. G2 inazunguka ka mikono ya saa, G3 inarudi kinyume, ukiangalia kutoka juu. Alafu unaipa X na Y za penye itaishia, na herufi mbili zenye zinasumbua kila mse akianza: I na J.

Wacha nikuekee hivi. Mbuzi amefungwa kamba kwa kigingi, anazunguka akila nyasi. Ukitaka kumweleza mtu hiyo raundi, hauhitaji kumpa kila hatua ya mbuzi. Mwambie tu mbuzi amesimama wapi saa hii, na kigingi kiko umbali gani kutoka kwake. I ni huo umbali upande wa X, J ni upande wa Y. Unapima ukitoka kwa mbuzi ukienda kwa kigingi, na hapo kwa kuelekea ndio watu wanapotelea. Mbuzi akiwa upande wa kushoto, kigingi kiko kulia, I ni pozitivu. Mbuzi akiwa kulia, I inakuwa negativu. Kigingi kikiwa sawa na yeye kwa Y, J ni sifuri.

Sasa tushike kazi. Tunaunda spesa ya aluminiamu: daiamita 60, shimo la katikati 20, unene milimita 8. Sahani yetu ni 100 kwa 100, chini yake tumelaza plaiwudi yenye hatutalilia ikikatwa. Biti ni ya kabaidi, daiamita 10, meno mawili.

Kabla ya kuandika chochote amua sifuri. Mimi naiweka katikati ya duara, juu ya uso wa sahani. Wasee wengi wanapenda kona ya sahani juu ni rahisi kuigusa na biti, lakini ukifanya hivyo kila namba unaibeba na nyongeza ya 50, na kichwa inachoka bure. Sifuri ikiwa katikati, namba unazoandika ndio radiasi yenyewe, na ukikosea unaona na macho.

Laini za kufungua ni hizi:

G21 G90 G17 G40
G54
S3800 M3
G0 Z10

G21 ni milimita. Usiiruke hata ka unajua mashine yako iko kwa milimita, juu mwenye alitumia jana anaweza kuwa aliiacha kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. G90 inasema namba zote zinapimwa kutoka sifuri. G17 inalaza duara kwa X na Y. G40 inazima fidia yoyote ya biti yenye ilibaki. G54 ndio sifuri yako. M3 inazungusha biti, na hiyo 3800 imetoka kwa hesabu: aluminiamu na kabaidi nimechukua mwendo wa kukata wa mita 120 kwa dakika, mara 1000, ugawe kwa 3.14 mara daiamita ya biti. Inakuja 3820, nikashusha kidogo. Ka biti yako ni ile ya kawaida ya HSS na unakata maild stili, anza na mita 25 kwa dakika, yaani raundi 800 hivi kwa hiyo biti ya 10. Tofauti ni kubwa manze, na biti inadedi mbio ukichanganya.

Shimo ndio tunaanza nalo, nitakuambia mbona. Kwanza toboa katikati na drili ya 10 ndio biti isihangaike na kale ka sehemu ka katikati. Alafu ukuta wa shimo uko radiasi 10. Biti iko na radiasi 5. Na hapa ndio somo lenyewe la duara, rudia mpaka iingie: mashine haijui makali ya biti yako yako wapi, inajua katikati ya biti tu. Kila namba unayoandika ni ya katikati. So ndani ya shimo unatoa, 10 toa 5, katikati ya biti inatembea kwa radiasi 5.

G0 X5 Y0
G1 Z0 F100
G3 X5 Y0 Z-1 I-5 J0 F190
G3 X5 Y0 Z-2 I-5 J0

Endelea hivyo ukishuka milimita moja kila raundi mpaka Z-8, ya mwisho Z-8.2, alafu raundi moja bila kushuka ndio chini itoke sawa. Ukimaliza rudisha biti katikati na G1 X0 Y0 kabla ya kuinua, isiache alama kwa ukuta. Cheki mbuzi: amesimama X5, kigingi kiko sifuri, umbali ni negativu 5. Na juu umeongeza Z kwa hiyo laini, biti inashuka ikizunguka. Hiyo inaitwa heliksi, na ni salama kuliko kudunga biti chini wima.

Mbona F190? Hii sehemu watu wengi hawafunzwi, na inaniuma juu ndio inafanya shimo zao zitoke na mistari. Mwendo wa kawaida wa hii biti ni raundi 3800, mara meno 2, mara milimita 0.05 kwa kila jino: inakuja 380 kwa dakika. Lakini F unayoandika ni mwendo wa katikati ya biti. Katikati inazunguka radiasi 5, na makali yanakata ukuta wa radiasi 10. Kwa dakika ile ile makali yanafunika njia mara mbili. Ukiandika 380, ukuta unakatwa kwa 760, na biti inalia. So unagawa: 380 mara 5, gawa kwa 10, ni 190. Nje ya duara mambo inageuka, makali yanatembea polepole kushinda katikati, so ungeweza hata kuongeza hadi 440. Lakini pale tunakata sloti nzima, biti imebanwa kila upande, so nabaki na 380.

Sasa sababu ya kuanza na shimo. Ukikata nje kwanza, ile laini ya mwisho inaachilia spesa kutoka kwa sahani, na kitu yenye haijashikwa karibu na biti inazunguka na nguvu hauwezi kufikiria. Kwa hivyo shimo likiisha, zima biti na uiinue mbali, alafu pitisha bolti ya M16 na washa yake hapo katikati, kaza kwa meza. Klampu za sahani usizifungue kwanza. Kaza bolti zikiwa bado zimeshika ndio kazi isihame hata nywele, na hakikisha hakuna klampu imekaa kwa njia ya biti. Sasa spesa iko na mwenyewe, na fremu ya nje pia iko na mwenyewe.

Nje ni radiasi 30 ongeza 5, inakuwa 35.

G0 X-35 Y-60
G1 Z-2 F200
G1 Y0 F380
G2 X-35 Y0 I35 J0
G1 Y10
G0 Z10

Rudia na Z-4, Z-6, Z-8.2. Y-60 iko nje ya sahani, so biti inashuka kwa hewa, haigusi kitu. Alafu inaingia ikipanda wima, na duara kwa upande wa kushoto inaanza ikielekea juu pia, so hakuna kona kwa kuingia. Ukidunga biti pale X-35 Y0 moja kwa moja, inakaa hapo kidogo ikisubiri kuanza, na inaacha alama yenye utaiona maisha yote ya hiyo kipande. Ile Y10 ya mwisho inapita mwanzo kidogo ndio pasibaki kamstari.

Umecheki ndani nimetumia G3 na nje G2. Biti ikizunguka ka saa, hivyo ndivyo inakata ikianza na chipu nene na kumaliza na nyembamba, na uso unatoka safi. Lakini ka mashine yako ni miling ya zamani ya mkono yenye watu waliifunga mota, na skrubu zake zinacheza, geuza zote mbili. Hiyo njia ya kwanza inavuta meza, na skrubu ikiwa na nafasi meza inaruka.

Kwa mashine kubwa unaweza kuachia mashine hii hesabu ya kuongeza na kutoa. Unaandika radiasi ya kipande yenyewe, alafu G41 inaweka biti kushoto ya njia, G42 kulia, na saizi ya biti inasomwa kwa tebo. LinuxCNC inafanya, Haas inafanya. GRBL haina hiyo kitu kabisa, inajua G40 tu. So wasee wa mashine ndogo tunahesabu kwa kichwa, na mimi naona ni bahati, juu ukifika kwa mashine ya G41 utajua inakufanyia nini.

Kuna R pia. Badala ya I na J unaandika radiasi tu, na inakaa rahisi. Kwa ka-kavu ka kona iko sawa. Lakini pointi mbili na radiasi moja zinaweza kuunganishwa na tao fupi ama tao ndefu. R pozitivu inachukua fupi, yenye haipiti digrii 180, negativu inachukua ndefu. Na duara nzima haiwezekani kabisa: mwanzo na mwisho ni pointi moja, na duara za radiasi hiyo zenye zinapita hapo hazina mwisho. GRBL itakurushia error:33 na kusimama. Ingine ya kuogopa ni mashine zenye zimesetiwa G90.1, ka Mach3 za watu wengine, penye I na J zinahesabiwa kutoka sifuri. Programu yetu ikiingia hapo, kigingi kinahama na biti inachora kitu kubwa kushinda sahani. Weka G91.1 kwa laini ya kwanza na ulale fofofo.

Manze hauhitaji mashine kuanza leo. NCViewer inafunguka kwa brauza na inakuchorea njia ya biti ukiandika. CAMotics ni ya bure na inakuonyesha hadi chuma ikikatwa. Ukipata mashine, funga maka penseli mahali pa biti na uchore duara kwa karatasi kwanza. Baadaye foamu, mbao, ndio uguse aluminiamu. Zile mashine ndogo zinaitwa 3018, juu meza yake inafanya kazi sentimita 30 kwa 18, ni poa kwa mbao na plastiki lakini spesa yetu zitashindwa, na shanki za biti zake nyingi ni milimita 3.175. Ka makali pia ni saizi hiyo, weka hiyo namba kwa hesabu: nje ni 30 ongeza 1.588, njia yako inakuwa 31.588. Ndani ya shimo unatoa hiyo hiyo, na S na F unazihesabu upya vile tulifanya.

Mashine za ukweli ziko hapa mjini. Mekaspesi ya Gearbox iko nazo, FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko. Na hapo kwa karakana za reli kuna Numerical Machining Complex, yenye ilizaliwa kutoka kwa mradi wa Kenya wa kujiundia gari, Nyayo Pioneer, mwisho wa miaka ya 80. Gari haikufika sokoni, lakini mashine na mafundi walibaki. Ingia na glasi za macho, nywele na mikono ya shati zimefungwa, na glavu zikae mbali na biti ikizunguka. Kidole iwe karibu na swichi nyekundu raundi yote ya kwanza.

Kipande ikikamilika, usikimbilie kupiga picha. Shika verniya upime daiamita mara nne: kwa X, kwa Y, na kwa pembe mbili za digrii 45. X na Y zikitofautiana, mashine inahesabu hatua vibaya upande mmoja, kwa GRBL ni $100 na $101. Zikiwa sawa lakini zile za pembe zinatofautiana, reli zako hazijakaa skwea. Na ukipitisha kidole ukahisi ka-uvimbe pale juu, chini, kushoto na kulia, hiyo ni skrubu inacheza, juu hizo ndio pointi nne penye meza inageuza mwelekeo. Spesa moja ya raundi imekupea ripoti ya mashine nzima.

Bado iko kwa bolti? Basi ongeza shimo nne za M6 kwa duara ya daiamita 45. Radiasi ni 22.5, kwa digrii 45 unaizidisha na 0.7071, inakuja 15.91. X15.91 Y15.91, alafu badilisha alama tu: X-15.91 Y15.91, X-15.91 Y-15.91, X15.91 Y-15.91. Washa ya M16 inafika radiasi 15 na shimo zako za 6.5 zinaanza 19.25, so drili haitaigusa. Toboa.